Dirisha linafungwa kwanza: kwa nini Pemba mgonjwa wa akili huchelewa kufika spitali

Kwetu Pemba mtu akipandwa na homa kali usiku, jirani yeyote mwenye pikipiki anagongewa mlango, mgonjwa anapakiwa katikati ya watu wawili na anafika spitali kabla ya alfajiri, hakuna hata anayeuliza ruhusa ya mtu. Lakini kijana akianza kusema peke yake chumbani, akacheka na watu ambao wengine hatuwaoni, jambo la kwanza ni kufunga dirisha. Mama ndo anayelifunga. Halafu anaongeza sauti ya redio ili waliokaa barazani wasisikie. Nimeliona hilo kwa macho yangu nyumbani kwa mama mkubwa, na kuanzia siku ile ilichukua zaidi ya miaka miwili mpaka kaka yangu yule (mtoto wa mama mkubwa kwetu ni kaka, basi) akakaa mbele ya mtu anayeujua ugonjwa wake.

Naandika haya kwa sababu kila likizungumzwa suala la afya ya akili visiwani jibu linakuwa jepesi mno, watu hawana elimu, wanaamini majini, wapelekewe semina. Mie sikubali. Mama mkubwa alikuwa anajua fika kama Unguja kuna Kidongo Chekundu, spitali ya maradhi ya akili, anajua na Wete spitali wanatibu maradhi ya akili, alishawahi hata kumsindikiza jirani yake. Kujua alikuwa anajua. Kilichoamua mtoto wake aende wapi, lini na na nani hakikuwa ujinga, ilikuwa familia, yaani nani kaupa ugonjwa jina gani, nani ana sauti kikaoni, pesa iko mkononi mwa nani, na sitara ya nyumba inalindwa vipi. Hayo yamefungamana kama ukili, ukivuta mmoja zinakuja zote.

Tuanze na jina, maana jina ndo linalochagua njia. Nyumbani hakuna anayesema skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo. Na neno kichaa au mwendawazimu halisemwi kwa mtoto wako, hilo ni la mtu aliyekwishapotea, yule anayezunguka sokoni na nguo zimechanika na watoto wa skuli wanamfuata nyuma. Kwa wa kwako utasema kachanganyikiwa, au kakumbwa, au ana upepo, au kapandwa, au kwa sauti ya chini kabisa, kuna mkono wa mtu. Maneno haya yanaonekana kama yanasema kitu kimoja lakini kila moja lina mlango wake. Akiwa kakumbwa anapelekwa kwa mwalimu wa Kurani akasomewe, anywe kombe, yaani maji yaliyooshewa aya, afukizwe. Ukiwa mkono wa mtu anatafutwa wa kutizamia, apige bao aseme ni nani na kwa sababu gani, na hapo mara nyingi ndo udugu unapovunjika maana jibu huwa halitoki mbali, huwa ni wifi au jirani au mke mwenza. Akiwa ana shetani la kurithi anapelekwa kilingeni, kwenye ngoma ya mashetani.

Na kama ni "mawazo" tu, hapelekwi popote. Hili nataka nilikazie kwa sababu ndo kundi kubwa kabisa na ndo lisiloonekana. Mwanamke ambaye mume kamuacha na watoto wanne, halali, hali, roho imemchoka, haoni ladha ya kitu chochote wiki ya tatu sasa, huyo kwetu ana mawazo, na dawa ya mawazo ni subira na kumkumbuka Mola. Vitabuni ugonjwa huo unaitwa sonona lakini mie sijawahi kumsikia bibi yeyote Pemba akisema nina sonona. Anachosema ni kichwa kinawaka moto, moyo unanienda mbio, mgongo, tumbo, mwili mzima. Anakwenda kituo cha afya anapimwa malaria, anapimwa presha, anapewa panadol anarudi nyumbani, mwezi unaofuata yuko pale pale kwenye benchi. Hasemi uongo. Mwili kweli unamuuma, huzuni inakaa mwilini, na lugha yetu imemfundisha kuieleza kupitia moyo na tumbo. Anayemhudumia asipomuuliza unalala vipi, nyumbani kukoje, hatoambiwa abadan.

Sasa kikao. Watu wa nje wanadhani mgonjwa ndo anaamua kutafuta matibabu, au mke wake, au mama. Kwetu mtu mzima wa miaka 22 hajipeleki kwa daktari wa akili, na kwa kweli akiwa katika hali ile hawezi hata akitaka, kwa sababu ugonjwa wenyewe moja ya dalili zake ni kutojua kama unaumwa. Kaka yangu alikuwa anasoma Unguja, akarudi kabla ya mitihani anasema simu yake inasikilizwa, chakula kimetiwa kitu, na kwenye taarifa ya habari wanamsema yeye. Baba yake alishafariki. Kwa hiyo maamuzi yakaenda kwa ami yake aliyeko Chake Chake, mtu wa biashara, na kwa dada mkubwa aliyeolewa Maskati ambaye ndo anatuma pesa. Vikao vikawa vinafanyika kwa simu, voisi zinatumwa usiku, dada analia huko, ami anasema tusubiri kidogo, bibi anasema hili ni jambo la watu msikimbilie sindano. Mama mkubwa aliyekuwa anamuona kila usiku anazunguka ua mpaka alfajiri hakuwa na kauli. Anayemuona mgonjwa hana sauti, na mwenye sauti hamuoni mgonjwa! Hiyo mie naiona ndo sababu kubwa ya ucheleweshaji kwenye familia zetu kuliko jini lolote.

Tena usiwalaumu haraka. Ami hakuwa mtu mbaya, alikuwa anabeba jukumu la nyumba mbili na alichokuwa anakiogopa ni kitu cha kweli. Kama kuna mabinti wawili ndani hawajaolewa, neno likitoka kama ukoo ule una wazimu, posa zinakauka. Watu watauliza, kwetu kabla ya kuoa huulizwa ukoo mpaka babu wa tatu. (Kwa faida ya wanaouliza: ni kweli maradhi haya yana upande wa kurithi, lakini hata kama ndugu yako wa tumbo moja ana skizofrenia, takriban ndugu 9 katika 10 hawaupati kabisa. Hayo hayasemwi barazani.) Na kuna woga mwengine mkubwa zaidi. Mwaka 1995, wakati ile hofu ya popobawa, shetani anayesemwa anavamia watu usiku, imetoka Pemba imeingia Unguja, umati wa watu mjini ulimpiga mtu mpaka kumuua wakidhani ndo popobawa, na baadae ikajulikana alikuwa mgonjwa wa akili. Kwa hiyo mama anapofunga dirisha si aibu peke yake inayomsukuma, anamkinga mwanawe na watu.

Hiyo ndo sitara, na sitara ina pande mbili. Sitara hiyo hiyo inayomficha mgonjwa ndo inayomuogesha, inamkata kucha, inamvalisha kanzu safi Ijumaa, inamuwekea sahani yake ya wali hata kama jana aliitupa. Mtu hatupwi. Nimekaa miji mikubwa ya bara nikaona wagonjwa wanavyolala stendi, sikumbuki kuona hivyo kwa wingi kwetu. Lakini pia sitara ikizidi inageuka kufuli. Wapo wanaofungiwa chumba cha nyuma miaka, wapo wanaofungwa kamba au mnyororo mguuni, na wanaofanya hivyo wengi hawana roho mbaya, wamechoka, wanaogopa ataingia baharini au atapigwa na watu, hawana dawa ndani na hawana wa kumuuliza. Mguu unafanya kidonda, mtu anazidi kuharibika, na sasa ndo kabisa hatolewi nje kwa sababu ya kile kidonda.

Nirudi kwa mwalimu na kilinge, maana hapa ndo wataalamu wengi wanapojikwaa. Wanauliza "kwa nini mnakwenda kwa waganga" kama kwamba hakuna kinachopatikana huko. Kinapatikana. Ukienda kwa mwalimu anakukaribisha kitako, anakuuliza jina lako na la mama yako, anasikiliza habari yote kuanzia mwanzo hata kama ni saa mbili, anawataka ndugu wote waje. Anachukua sahani nyeupe, anaandika aya kwa zafarani, anaiosha kwa maji ya waridi, mgonjwa anakunywa, wengine wanapakwa. Anasoma Ayatul Kursiyu na Qul zote, sauti imetulia, harufu ya ubani, mtu ambaye wiki nzima alikuwa kama mnyama anayewindwa anakaa kimya. Sasa linganisha na kupanga foleni tangu saa moja asubuhi, ukaonwa dakika tano, ukaandikiwa vidonge, jina la ugonjwa usiambiwe.

Kwenye kilinge ndo zaidi. Kwenye ngoma ya kibuki kwa mfano, ambayo asili yake ni upande wa Bukini (Madagaska) na Ngazija, au rubamba ya kwetu Pemba, shetani anaitwa, anaulizwa jina, anaulizwa anataka nini, anapatanishwa, na mgonjwa anakuwa kiti chake. Angalia lililofanyika hapo. Lawama imetoka kwa mgonjwa, imekwenda kwa mgeni aliyemkalia. Haambiwi wewe mvivu, wewe dhaifu, wewe umejitakia, anaambiwa umekaliwa na mkubwa na tutasema nae. Na mtu aliyekuwa chumba cha nyuma sasa yuko katikati ya duara, watu wamemzunguka, wanamuimbia. Masheikh wengi wanakataza kilinge na wana hoja zao za dini, na ndani ya familia moja utakuta bibi anataka ngoma, mjomba anasema ile shirki tumsomee ruqya tu, mtoto wa chuo anasema nyote mnapoteza wakati, na huku siku zinakwenda. Mie siingii kwenye ugomvi huo. Ninachosema ni kwamba huko watu wanapata maelezo, wanapata kundi, wanapata matumaini, na spitali ikitaka watu waje lazima ijue inashindana na nini.

Kuna utafiti unaolielezea jambo hili na naona watu wetu wangepaswa kuujua maana sehemu yake imefanyika hapa hapa. Uingereza, miaka ya 1950 kuendelea, mtafiti George Brown alikuwa anafuatilia wagonjwa wa skizofrenia walioruhusiwa kutoka spitali za London. Ukifikiri utasema waliorudi kwa wazazi au kwa wake zao walikaa vizuri zaidi. Haikuwa hivyo, wengi wa hao walirudi spitali upesi kuliko waliokwenda kukaa kwa ndugu zao au nyumba za kupanga. Yeye na wenzake wakaja kugundua tofauti iko kwenye hewa ya nyumba: maneno ya kukosoa kila saa, chuki, na pia kuingiliwa kupita kiasi, mama anayemlilia mtoto mchana kutwa na kumfanyia kila kitu kama mtoto mchanga. Nyumba yenye joto la namna hiyo inamrudisha mgonjwa chini hata kama anakula dawa.

Miaka ya 1990 Mmarekani mmoja, Juli McGruder, akaja Zanzibar akakaa na familia zenye wagonjwa wa skizofrenia akiwatizama wanavyoishi. Alichokiona ni kwamba imani ya mashetani, ile ile inayolaumiwa kwenye semina, mara nyingi ilikuwa inaipoza nyumba. Siku mgonjwa akiwa vizuri basi yuko vizuri, shetani katulia, anarudi kwenye shughuli za nyumba bila maneno, hakuna anayemkalia kichwani kumuuliza mbona jana hivi mbona juzi vile. Akiharibika tena, si kosa lake. Na kule kusema haya ni majaaliwa ya Mwenyezi Mungu, ambako wengine wanakuona ni kukata tamaa, kulikuwa kunawapa watu nguvu ya kubeba.

Lakini jamani, tusiichukue hii tukaifanya kisingizio. Nyumba iliyopoa haitoshi peke yake. Mtu asiyelala siku ya sita, asiyekula kwa kuogopa sumu, anayesikia sauti zinamuamrisha, huyo anahitaji dawa na anaihitaji mapema, kwa sababu kadri ugonjwa huu unavyokaa bila kutibiwa ndo kupona kwake kunavyokuwa kugumu. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria skizofrenia inampata kama mtu mmoja katika kila 300. Pemba kwenye sensa ya 2022 tulikuwa watu 543,441, sasa ukichukua wastani ule wa dunia kwa kukisia tu unapata kama watu 1,800 kisiwani kwetu, na hapo hujahesabu sonona, hujahesabu kifafa ambacho kwetu nacho kinapita kliniki hizo hizo, hujahesabu vijana walioharibiwa na unga. Na wengi ugonjwa huu unawaanza mwisho wa ujana, wakati mtu yuko chuo au anatafuta kuoa. Yaani unamkuta mtu mlangoni kabisa mwa maisha.

Sasa dawa zenyewe, maana hapa sisi tulipoteza miezi minane. Ami alikubali mwisho wake, na aliyemkubalisha si mimi wala si mtu wa afya, ni mwalimu aliyekuwa anamsomea. Baada ya mara ya tano au ya sita mzee yule akamwita ami pembeni akamwambia, mie nitaendelea kumsomea lakini hili si langu peke yangu, mpelekeni na spitali. Neno lile tungelisema sie vijana mwaka mzima lisingepita. Likisemwa na yeye lilipita siku moja, ami akaja na gari asubuhi. Tukaenda spitali moja, tukapewa vidonge, tukaambiwa mpeni usiku, tukarudi. Siku ya nne shingo yake ikajikaza upande mmoja, taya limeshikana, mate yanamtoka, macho yameangalia juu. Unadhani nyumbani wakasemaje? Bibi akasema nilikwambieni, jini limekasirika. Vidonge vikatupwa chooni na hakuna aliyetaka kusikia neno spitali tena.

Laiti tungelielezwa siku ile ile. Dawa za kundi hili, ya kwanza yake klopromazini ilianza kutumika Ufaransa 1952, halafu zikaja wenzake kama haloperidoli, zinafanya kazi kwa kupunguza nguvu ya dopamini, kemikali fulani ya ubongo. Lakini dopamini hiyo hiyo sehemu nyengine ya ubongo ndo inayofanya viungo viende laini, kwa hiyo mwengine akipewa anakakamaa, anatetemeka, anatoka mate, anatembea kama mzee. Linatisha sana ukiliona lakini linajulikana, lina dawa yake, kipimo kinaweza kupunguzwa, dawa inaweza kubadilishwa, na shingo ikijikaza vile unamrudisha spitali siku ile ile akapigwe sindano inayolegeza na mara nyingi inafunguka upesi. Pia hakuna aliyetwambia zile sauti hazinyamazi usiku mmoja, ni wiki kadhaa, na mtu akipata nafuu asiache, maana wengi wanaacha wakishapoa, wakikaa miezi mitatu wanasema kapona alhamdulillah, mwezi wa nne anaanza upya. Maelezo ya dakika kumi, tena yaliyotolewa mbele ya ami na si kwangu, yangetuokolea miezi minane. Nasema mbele ya ami kwa makusudi. Mfanyakazi wa afya akimuelezea mgonjwa peke yake, au mama aliyemleta, kwa vile vitabuni imeandikwa hivyo, kamuelezea mtu asiye na mamlaka ya kulitekeleza lile neno nyumbani. Uliza kwanza, kwenu nani anaamua? Kama yuko Maskati, apigiwe simu pale pale.

Wazazi waliojifungua nao niwaseme kidogo kwa sababu huko mila yetu ina nguvu ambayo sijui kama tunaitambua. Mzazi kwetu anakaa arobaini, mara nyingi kwa mama yake, anakandwa, anapigwa msingo, anapikiwa, haachwi peke yake, wengine wanaweka na kisu chini ya mto wa mtoto kwa ajili ya mashetani. Sasa kichaa cha uzazi, kinachowapata kama mama mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua, huanza zaidi ndani ya wiki mbili za mwanzo, yaani katikati ya arobaini yenyewe. Kumbe nyumba nzima iko macho wakati ule ule hasa unaotakiwa macho. Bibi anayekanda ndo wa kwanza kuona kama mzazi halali hata mtoto akilala, anasema haraka haraka maneno hayashikani, anamtizama mtoto kwa wasiwasi au anasema huyu si wangu. Akiliona hilo, asomewe ndiyo, ila spitali ni siku hiyo hiyo, lile ni la dharura kama kutoka damu, na mtoto asiachwe nae peke yake hata dakika moja. Zuri ni kwamba likitibiwa wengi wanapona vizuri.

Na yeyote akikwambia amechoka kuishi, usimkemee, usianze na hukumu ya dini, kaa nae, usimwache peke yake, tafuta mtu wa afya. Nyumba nyingi zimenyamaza kwenye hili kwa kuogopa dhambi na aibu. Anayelisema kwa mdomo wake anakuomba msaada.

Kuhusu dini, kuna wanaoona kwenda kwa daktari wa akili ni kupungukiwa imani. Hao huwa nawakumbusha Mtume (SAW) katuamrisha tujitibu, kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila kayateremshia na dawa yake, na kwamba kalamu imenyanyuliwa kwa watu watatu na mmojawapo ni mwenye wazimu mpaka arudiwe na akili. Yaani sheria yenyewe imeshamtoa kwenye lawama! Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, alishaandika kwamba kuna huzuni yenye sababu inayojulikana na kuna huzuni isiyo na sababu ya wazi inayotokana na mwili, na kila moja ina tiba yake. Na Misri, spitali kubwa ya Sultan Qalawun iliyofunguliwa Cairo 1284 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Hawa hawakuwa watu wa imani ndogo.

Ninachokitamani mie si mwalimu afukuzwe wala kombe limwagwe. Natamani wajuane. Sehemu ambako mfanyakazi wa kliniki anamjua mwalimu wa kijiji kwa jina, wanapigiana simu, mwalimu anajua dalili za kumrudisha mtu haraka, anajua asimwambie mgonjwa aache vidonge kwa sababu anakunywa kombe, asimpe mtu mafunda ya miti asiyoijua juu ya dawa za spitali, na asiruhusu mtu apigwe fimbo ati jini litoke, hapo watu wanafika mapema. Na huduma iwe karibu. Mtu wa Kojani anaanza kwa kuvuka maji, anapanda gari mpaka Wete, anapoteza siku nzima na nauli ya watu wawili maana mgonjwa haendi peke yake, halafu anaambiwa dawa zimekwisha njoo wiki ijayo. Huyo wiki ijayo haji, na ukiwa msimu wa karafuu ndo kabisa. Unguja walipoanzisha kliniki za akili Kivunge na Makunduchi, watu wa shamba wakapata pa kwenda bila kupita mjini na bila kutamka lile jina la Kidongo ambalo mtu akilisikia tu anajiona keshahukumiwa.

Kaka yangu saivi anapigwa sindano ya kila mwezi, ya vidonge ilimshinda. Hakurudi chuo. Anamsaidia ami dukani Chake, kuhesabu pesa bado kunamchosha ikifika jioni lakini mzigo anaupanga yeye na wateja wanamjua. Kila Alkhamisi usiku bado anakwenda kusomewa kwa mzee yule yule na hakuna anayemzuia. Ami ndo anayekaa na kadi ya kliniki, ameikunja kaitia mfuko wa kanzu pamoja na kitambulisho chake, na tarehe ikikaribia anampigia simu mama mkubwa, anamuuliza analala vipi usiku, na safari hii anamsubiri mpaka amalize kujibu.